Kibali cha Mke wa Sobotta

Tamarack Falls, Wisconsin
24 Agosti 2014

Deanne mwanangu,

Nakuandikia kabla wino haujakauka kwenye cheti chako, maana mimi na simu tuligombana zamani. Sikio langu la kulia liliuawa na injini ya lori, na la kushoto husikia linachotaka lenyewe. Mtu akinipigia napiga kelele kama ninayemwita ng'ombe ng'ambo ya mto, mpaka mwenyewe anakata. Kwa hiyo wanafunzi wangu wote nawaambia: ukimpata kulungu wako wa kwanza, niandikie. Barua haikatiki.

Jana uliona mambo? Wanawake kumi na wawili! Mwaka juzi walikuja watatu, na mmoja wao alikuwa amepotea njia akitafuta darasa la kufuma sweta. Safari hii viti vimekwisha, watu wamekalia kreti za bia. Nikawaambia wanaume wa kilabu chetu cha uwindaji: mnaona jina linavyotembea? Mimi Arlys Kubiak, shule niliiacha darasa la kumi, au yenyewe iliniacha, hatujaafikiana hadi leo. Nimeendesha lori majimbo arobaini na nane, yale mawili yaliyobaki nikawaachia samaki na dubu. Na leo wanawake wanajaza ukumbi kuja kunisikiliza nikiwafundisha kuwinda kwa upinde. Wakacheka, wakatazamana. Wivu tu.

Sasa tuje kwako. Ulikuja na ule upinde wa mkono wa kulia aliokununulia mumeo, ukivuta mshale unakwenda kumsalimia jirani. Ukasema, "Mwalimu, labda mikono yangu ni ya kufulia mashuka ya wazee tu." Nikakwambia nyamaza, unganisha viganja, acha kitundu, tazama kitasa cha mlango, funga jicho moja. Lahaula! Jicho lako kuu ni la kushoto. Jicho la kushoto na upinde wa kulia ni mume na mke waliolala mzungu wa nne: kitanda kimoja, lakini hawaonani uso. Nilipokupa upinde wangu wa mkono wa kushoto ulitupa mishale mitatu ikakaa pamoja kama mayai kiotani. Hata Bi Lorraine aliacha kutafuta miwani yake. Kaa na upinde huo. Nina mingine, na ninayo midomo miwili ya kujisifia nayo.

Usisahau: upepo uwe usoni. Ukimpiga usimkimbilie, kaa juu ya ulingo wako, mwache alale. Pahali pako usimtajie mtu, hata kasisi kwenye maungamo. Na lile la chupa ya mdomo mpana, kwa haja ya juu ya mti, nadhani hakuna atakayelisahau. Lorraine alicheka mpaka akaihitaji chupa yenyewe.

Mwalimu wako mwenye sikio moja,
Arlys Kubiak


Tamarack Falls
14 Septemba 2014

Mwalimu Arlys,

Sijui kuandika barua, kwa hiyo ukiona makosa cheka kimyakimya.

Msimu umefunguliwa jana na nilipanda. Ulingo niliutundika mwenyewe, mikanda nikaifunga mwenyewe, nikashuka nikaitingisha kama ulivyofundisha. Nitakutajia ni wapi, maana wewe si mtu, wewe ni Mwalimu: kwenye ile mitufaha ya kale ndani ya msitu wa serikali, palipokuwa na nyumba ikaungua. Njia ya kutoka kijito inapita chini yangu kabisa. Jana walipita majike wawili na mtoto. Nilisikia mmoja akitafuna tufaha, Mwalimu, nikahisi meno yake kichwani mwangu.

Mume wangu Curt amefurahi kuliko nilivyotegemea. Mwanzoni alikuwa akinicheka, ananiita Mama Mshale. Lakini ni yeye aliyenipeleka kuchukua leseni, hata kibali changu cha dume amekitia kwenye pochi yake. Anasema mimi nitakifua pamoja na suruali. Cha jike ameniachia.

Nikuambie jambo ambalo sikulisema darasani ulipotuuliza kila mmoja amefuata nini. Kila mwaka, mwezi wa kumi na moja, familia ya Curt hukaa meza moja. Curt anasimulia dume lake, kaka yake Duane anasimulia lake, baba yao anasimulia la mwaka ule wa theluji kubwa, na sisi wanawake tunapitisha viazi. Nimepitisha viazi tangu niolewe. Mwaka huu nataka mtu mwingine anipitishie mimi viazi, nisimulie.

Ni hilo tu. Ukiliona dogo, sawa.

Deanne Sobotta


19 Septemba 2014

Deanne,

Dogo? Nimewahi kuendesha lori siku mbili bila kulala ili nifike mahali nikasimulie kitu kwanza kabla mwenzangu hajafika. Hakuna kubwa kuliko hilo duniani. Watu hudhani tunawinda nyama. Nyama iko buchani, tena imeshakatwa.

Lakini mwanangu, hicho kibali kiondoe kwenye pochi ya mwanamume. Dume mmoja kwa mtu mmoja kwa msimu, na karatasi ile ndiyo wewe. Ukimpiga dume lako ukaanza kumtafuta mumeo msituni akupe karatasi, kunguru watakula kabla yako. Kiweke kwenye soksi, kwenye sidiria, popote ambapo yeye haingii bila hodi.

Pahali pako nimepasikia na nimepasahau hapo hapo.

Arlys


6 Oktoba 2014

Mwalimu Arlys,

Nimepata dume. Ana pembe nane. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Tumemwandikisha kwenye kituo cha mafuta, kama inavyotakiwa. Picha nimeiweka humu. Curt anakusalimu sana na anasema ahsante kwa mafunzo.

Deanne


9 Oktoba 2014

DEANNE! DEANNE! DEANNE!

Nimepiga ukelele mpaka mbwa amejificha chini ya jiko na hajatoka hadi ninapoandika. Pembe nane! Mimi dume langu la kwanza lilikuwa na pembe mbili, na moja ilikuwa kama kijiko cha chai. Nimemwambia kasisi, nimemwambia mtu wa umeme aliyekuja kusoma mita, nimemwambia daktari wa meno huku mkono wake ukiwa ndani ya kinywa changu. Picha yako nimeipigilia juu ya kaunta ya kilabu, pale palipokuwa na samaki wa mzee Novak, samaki nikamteremsha. Alikuwa ananuka hata ndani ya fremu.

Ila barua yako, mama, ni kavu kama biskuti ya jeshi! Mshale uliingia wapi? Alikimbia? Ulilia? Wote hulia, mimi nililia nikaisingizia chavua. Lakini sawa, usiniandikie. Najua unaniwekea. Jumamosi ya tarehe kumi na tano Novemba, kabla ya msimu wa bunduki, ni karamu yetu ya nyama ya porini. Utasimama mbele ya kilabu kizima usimulie, na mimi mwenyewe ndiye nitakayekupitishia viazi. Nimeshawaambia. Jina lako limeshaandikwa kwenye bango la mlangoni.

Arlys, mwalimu wa bingwa


15 Oktoba 2014

Mwalimu Arlys,

Tafadhali futa jina langu kwenye bango. Siku hiyo nina zamu, na zamu kwenye nyumba ya wazee haibadilishiki. Na picha iteremshe tafadhali, mrudishie mzee Novak samaki wake. Mimi si mtu wa kusimama mbele za watu. Ile habari ya viazi niliyokuandikia ilikuwa upuuzi, nilikuwa nimechoka.

Deanne


22 Oktoba 2014

Deanne mwanangu,

Nilianza barua hii jana nikiwa nacheka. Nilikuwa nimeandika kwamba kuona haya mara ya kwanza ni kama kiatu kipya, hubana halafu huzoeleka, na kwamba zamu yako nimeshazungumza na Lorraine, mkubwa wenu pale kazini, akakubali. Karatasi hiyo nimeichana.

Leo nilipanda kiti kilabuni nikaipangusa picha yako. Sikuwa nimeitazama kwa miwani. Nilikuwa nimeitazama kwa furaha, ambayo haina lenzi. Upinde uliolazwa juu ya pembe za yule dume ni wa mkono wa kulia.

Sitauliza mara mbili. Niambie.

Arlys


27 Oktoba 2014

Mwalimu,

Aliyempiga dume ni Curt.

La kwake alikuwa ameshaliua wiki ya pili ya msimu, kibali chake kikaisha. Ile Jumamosi akampata huyu wa pembe nane, akaniamsha. "Amka Mama Mshale, umepata dume." Nilidhani anaota. Akatoa karatasi yangu kwenye pochi, akaifunga kwenye pembe, akanipeleka kituo cha mafuta. Yule kijana wa kaunta akaniuliza, "Umempiga wapi, Bi Sobotta?" Curt akajibu, "Nyuma ya bega." Mimi nikatia sahihi. Nikapigwa picha na upinde uliokuwamo kwenye pikapu. Njiani nikamwambia, Curt, ile ilikuwa yangu. Akasema, "Yako, yangu, si tunakula sufuria moja? Wewe ungempata wapi?" Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo linalonichoma. Alikuwa na furaha, akaninunulia jibini ya kukaanga.

Sasa nikuambie lile ambalo sijamwambia mtu.

Wiki iliyofuata nilikuwa na siku ya mapumziko, nikapanda kwenye ulingo wangu. Bado nilikuwa na kibali cha jike, nikajisemea nitapiga jike. Jua lilikuwa limeanza kuushika msitu. Akaja yeye. Si wa pembe nane. Huyu ni mkubwa, shingo kama gogo, pembe moja imevunjika ncha, anatembea kama mwenye nyumba. Upepo usoni kwangu. Akasimama chini yangu, akainama kwenye tufaha, akanigeuzia ubavu. Mwalimu, nilivuta. Sikukumbuka kwamba nimevuta. Jicho la kushoto, mkono umetulia, kila kitu kimelala mahali pake kama ulivyosema kitalala. Nilikuwa nimeshampata. Kilichobaki kilikuwa kufungua vidole.

Ndipo nikakumbuka kwamba mimi nimeshaua. Imeandikwa.

Nikaulegeza upinde taratibu. Akala tufaha lake akamaliza, akaenda zake. Sikulia juu. Nililia chini, nimekumbatia ngazi.

Hicho ndicho changu. Si nyama wala pembe, ni hicho tu. Nakuomba kibaki kati yetu.

Deanne


31 Oktoba 2014

Deanne mwanangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Nimewauliza wenzako, kwa mzunguko, bila kukutaja. Lorraine hajawahi hata kukiona kibali chake. Yule msichana wa benki mumewe alimwambia darasa ni "la kupata karatasi tu." Bila cheti changu hakuna kibali, kumbe ndiyo maana viti vilikwisha! Ndiyo maana walitazamana! Mimi nikapita mji mzima nikijisifu kwamba jina langu linatembea, kumbe nilikuwa kuku wa kuatamia vibali vya wanaume. Nimecheka peke yangu jikoni, kicheko kibaya, mbwa akarudi chini ya jiko.

Naweza kwenda kwa Gorski, bwana nyama wetu, lakini sahihi ni yako, na sheria haina jicho kuu la kushoto wala la kulia. Ingekukamata wewe kwanza. Kwa hiyo nanyamaza. Mdomo nimeushona kwa uzi wa upinde. Ulichoniambia kuhusu mitufaha kitaingia nami kaburini, na wajue wachimbe kaburi pana.

Karamuni usisimame. Njoo tu ukae karibu nami.

Arlys


17 Novemba 2014

Bi Arlys,

Sikukaa karibu nawe kwa sababu Lorraine aliniomba nisaidie jikoni. Nilikuwa mlangoni, na bakuli la viazi na mwiko. Niliyaona yote. Nakuandikia niliyoyaona ili usije ukayasimulia mwenyewe kwa namna nyingine.

Curt alisimama na glasi, akasema mke wangu ana haya, nitamsemea. Akasimulia. Upepo, baridi, dume kutoka kwenye misonobari, "Deanne wangu akavuta." Alikuwa akisimulia uwindaji wake mwenyewe, neno kwa neno, akibadilisha jina tu. Watu wakapiga meza. Nilisimama nikajisemea, vumilia, litapita, viazi vinapoa.

Ndipo ukasimama wewe. Ukaomba mkasi. Kila mtu akacheka, maana kwetu anayekosa shabaha hukatwa pindo la shati likapigiliwa ukutani. Ukamshika Curt shati, ukakata, ukainua kitambaa juu. Ukasema, "Curt Sobotta amekosa!" Mtu akauliza amekosa nini. Ukasema, "Amekosa shabaha, amekosa adabu, na amemkosea mkewe. Kulungu ni wa mume, kibali ni cha mke!" Ukumbi ukalipuka. Waliocheka zaidi ni wale waliofanya hayo hayo, niliwaona.

Ungeishia hapo ningekusamehe, labda. Hukuishia. Uliwaambia nilivuta. Uliwaambia niliulegeza. Uliwaambia kuhusu pembe iliyovunjika ncha, na kwamba nililia nimekumbatia ngazi. Na ukawaambia chini ya mitufaha ya nyumba iliyoungua, ukanyoosha mkono kabisa kuonyesha upande wa kijito. Mwalimu mzima.

Watu wakageuka kunitazama. Bado nilikuwa nimeshika mwiko.

Curt hakunigusa, kama unaogopa hilo. Nyumbani alivua lile shati, akaliweka mezani mbele yangu, akasema, "Shona." Tangu hapo hasemi. Kazini wananiita Bi Kibali. Bibi mmoja mgonjwa, ambaye hajui hata jina la mwanawe, ameniita hivyo leo asubuhi.

Yeye alisimulia uongo juu yangu, wewe ukasimulia ukweli juu yangu. Usiku mmoja hadithi yangu imesimuliwa mara mbili, na mimi sikufungua mdomo.

Deanne Sobotta


19 Novemba 2014

Deanne mwanangu, mama, nisikilize,

Nilikunywa brandi. Si kisingizio, ni habari tu. Nilikuwa nimekaa kimya kama mtakatifu wa plasta. Lakini alipoinua glasi na kusema "Deanne wangu akavuta," kitu kikanikatika, maana mimi nilijua ni lini ulivuta na kwa nani. Nisingeweza kukaa nimsikie akivaa nguo zako mbele za watu. Nilikuwa nakupigania! Nimewahi kumpiga dereva mwenzangu kwa ufunguo wa magurudumu kule Nebraska kwa kosa dogo kuliko hilo, na mpaka leo hunitumia kadi ya Krismasi.

Waliomcheka walikuwa wanamcheka yeye, si wewe. Wewe walikuwa wanakuonea fahari. Nusu ya wanawake walilia. Msichana wa benki amekwenda nyumbani akadai kibali chake.

Kuhusu mitufaha. Sijui. Mkono uliinuka wenyewe. Siku zote nikisimulia mkono huinuka. Jumamosi bunduki zinaanza, na msitu ni wa serikali, yeyote anaweza kuwinda pale, sote tunajua. Nimefikiria kwenda kukaa pale mimi mwenyewe tangu alfajiri na sufuria na mwiko, nigonge nimfukuze huyo dume aende mbali. Niambie nifanye hivyo, nitafanya. Gorski akinikamata kwa kusumbua wawindaji nitakwenda naye nikiimba.

Niambie lolote. Nitukane. Sikio la kushoto nimelifungua.

Arlys


30 Novemba 2014

Bi Arlys,

Sikukujibu mapema kwa sababu sikutaka uende na sufuria. Ungekuwa na hadithi nyingine.

Jumamosi ya kwanza ya bunduki Duane alimwua dume wangu pale pale. Alikuwa mezani kwenu karamuni, anakula soseji, alisikia kila kitu. Alipanda kwenye ulingo wangu, Bi Arlys. Kwenye mikanda yangu. Alimleta mpaka uwanjani kwetu nyuma ya pikapu ili anionyeshe, hakuwa na nia mbaya, kwao hakuna mwenye nia mbaya. "Shemeji, ndiye huyu? Pembe iliyovunjika?" Nikasema ndiye. Akasema, "Alikuwa anatafuna tufaha, hakujua hata kilichompata," kama mtu anayenipa pole. Na Alhamisi ya bata mzinga, Sikukuu ya Shukrani, tukakaa meza ile ile, akamsimulia. Nilipitisha viazi.

Waliniambia nichukue pembe, zikae ukutani kwangu kwa kumbukumbu. Jino la pembe si dawa ya pengo. Nikakataa.

Ijumaa nilikwenda kwa Gorski. Alikuwa ameshasikia, kilabu kizima kilisikia, alisema alikuwa anangoja bunduki zipoe ndipo aje. Nikamwambia usije, nimekuja. Akaniuliza, nikajibu. Alitaka kunisaidia, akasema, "Bi Sobotta, naweza kuandika kwamba ulilazimishwa." Nikafikiri. Sikulazimishwa. Niliambiwa nitie sahihi nikatia, kama ninavyofanya kila kitu. Nikamwambia, andika kwamba nilijua. Nimenyang'anywa leseni kwa miaka mitatu, na Curt hivyo hivyo. Curt amehamia kwa Duane mpaka atakapojua anachotaka kusema.

Sikufanya hivyo kwa ushujaa. Nilitaka tu kiwepo kitu kimoja katika habari hii ambacho nimekisema mimi kwa mdomo wangu, kwa mtu niliyemchagua, mlango ukiwa umefungwa. Gorski aliandika taratibu, hakuinua kichwa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusimulia, na sikukatizwa.

Upinde wako uko ndani ya boksi hili. Ni mzuri. Ulinifundisha vizuri, hilo siwezi kulikana, na natamani ungalinifundisha vibaya.

Nina ombi moja. Hii ya Gorski usimwambie mtu. Na zile nyingine pia, sasa basi. Hata kwa wema. Hasa kwa wema.

Deanne


14 Desemba 2014

Deanne,

Boksi limefika.

Jana nilikuwa kilabuni. Theluji imefunga barabara, kila mtu alikuwamo. Wameniuliza tarehe ya darasa la mwakani, wanasema wake wa kutosha wapo. Sijawajibu.

Halafu mzee Novak akagonga kaunta akasema, "Haya Arlys, tusimulie ile ya mke wa Sobotta na dume la mitufaha." Wakanisogezea kiti na glasi. Nikawaambia siijui hiyo. Wakacheka, wakadhani ndiyo ninavyoianza.

Nilipozidi kunyamaza, Duane akaisimulia yeye. Aliisimulia vibaya. Alisema ulivuta kwa mkono wa kulia, akasema uliogopa, akasema dume alikuwa mbali. Kila kitu alikikosea, kimoja baada ya kingine, na watu wakacheka pasipo na cha kuchekesha.

Nikakaa kimya mpaka akamaliza.

Arlys